Farasi, Nyasi Kavu na Sheria katika Aislandi ya Kale

Katika vitabu vya kale vya Aislandi imeandikwa habari ya Mnorwe mmoja aliyeitwa Flóki Vilgerðarson. Mtu huyu alivuka bahari katika karne ya 9 pamoja na watu wake na mifugo yake, akatia nanga katika hori iitwayo Vatnsfjörður, upande wa magharibi wa kisiwa ambacho wakati ule kilikuwa hakijapata wenyeji wengi wa kudumu. Waliikuta bahari imejaa samaki. Basi walivua majira yote ya joto bila kupumzika, wala hawakukumbuka kukata nyasi na kuzikausha. Baridi ilipoingia, mifugo yao yote ilikufa. Flóki alipanda juu ya mlima, akatazama upande wa pili, akaona hori nyingine imejaa vipande vya barafu. Ndipo alipoipa nchi ile jina lake la sasa, ambalo maana yake ni Nchi ya Barafu.

Habari hii ilitiwa katika maandishi muda mrefu sana baada ya siku za Flóki, na mwanahistoria hawezi kuapa kwamba kila neno lake ni kweli. Lakini inatufundisha jambo moja lisilo na shaka. Watu waliokaa katika nchi ile walijua kwamba ufugaji wake haupimwi kwa wingi wa majani ya majira ya joto, bali kwa akiba iliyowekwa kwa ajili ya miezi ya baridi. Katika insha hii tutaangalia jinsi watu wa Aislandi walivyowatunza farasi wao wakati wa baridi, na jinsi ugomvi juu ya nyasi kavu ulivyosemwa kuwa chanzo cha mageuzi makubwa katika sheria za nchi yao.

Kwanza tuijue nchi. Aislandi ni kisiwa kikubwa katika bahari ya Atlantiki ya kaskazini, karibu na mpaka wa dunia ya barafu. Wakati wa baridi jua huonekana kwa saa chache tu kila siku, na majani hayaoti kwa zaidi ya nusu ya mwaka. Walowezi walianza kuhamia huko kwa wingi karibu na mwaka 870, na kufikia mwaka 930 ardhi nzuri ilikuwa imekwisha gawanywa. Wengi wao walitoka Norwe, na wengine walitoka visiwa vya Uingereza. Walisafiri katika jahazi zisizo na sitaha kamili, na ndani yake walipakia ng'ombe, kondoo, mbuzi na farasi. Farasi waliopo Aislandi leo ni kizazi cha farasi hao. Ni wafupi wa kimo, lakini wana nguvu nyingi na kwato imara, na baridi inapokaribia huota manyoya mazito ya tabaka mbili, hata mtu asiyewajua huweza kudhani kwamba ni wanyama wa namna nyingine.

Kwa muda wa miaka elfu moja farasi alikuwa ndiye chombo pekee cha safari ya nchi kavu. Barabara za magari ya kukokotwa hazikuwapo. Alibeba mtu kwenda barazani, akabeba samaki wakavu kutoka pwani, akabeba mbao za nyumba, hata maiti aliyekuwa akipelekwa kuzikwa. Mkulima aliyepoteza farasi wake wakati wa baridi alikuwa amekatwa miguu. Hata hivyo, katika ugawaji wa chakula, farasi hakuwa wa kwanza. Tazama msomaji jinsi mambo yalivyopangwa.

Kila shamba lilikuwa na kiwanja kilichozungukwa kwa ukuta, karibu na nyumba, kikitiwa mbolea kila mwaka. Majani ya kiwanja hicho yalikuwa bora kuliko yote. Yalikatwa kwa miundu mirefu katika miezi ya Julai na Agosti, yakaanikwa, yakageuzwa kwa reki ili jua na upepo viyakaushe, kisha yakakusanywa na kurundikwa. Nyasi hizo zilikuwa za ng'ombe wa maziwa, kwa sababu ng'ombe alikaa ndani ya zizi tangu baridi ianze hata iishe, wala hakuweza kujitafutia chakula nje. Majani ya mabondeni na ya kandokando ya maji yalikatwa pia, nayo yalikuwa hafifu zaidi. Kondoo walipata sehemu yao katika siku za dhoruba. Farasi wa kupanda na wa kazi aliwekewa kiasi. Farasi wengine wote, yaani majike, watoto wao, na wale wasio na kazi, walibaki malishoni usiku na mchana, katika theluji na upepo.

Jambo hili si ukatili kama litendwapo kwa akili. Tumbo la farasi huvunja nyuzi za majani makavu polepole, na kazi hiyo humtia joto mwilini. Mnyama aliyeingia katika baridi akiwa na mafuta mbavuni, mwenye manyoya makavu, na mwenye mahali pa kujikinga na upepo, huvumilia baridi kali. Huchimba theluji kwa kwato za mbele mpaka ayafikie majani yaliyonyauka chini yake. Hugeuza mgongo upande utokao dhoruba, akainamisha kichwa, akangoja. Theluji laini haimwui. Kinachomwua ni siku mbili za joto katikati ya baridi. Theluji huyeyuka, maji hutuama juu ya majani, kisha baridi hurudi na kuyagandisha maji hayo yakawa kama kioo juu ya malisho yote. Hapo kwato hazifui dafu. Farasi huona majani chini ya barafu, wala asiweze kuyala.

Kwa sababu hiyo mfugaji mwenye busara alianza kazi ya wakati wa baridi katikati ya majira ya joto. Wanyama wasiohitajika nyumbani walipelekwa juu milimani, katika malisho ya shirika yasiyo ya mtu mmoja, ili malisho ya chini yapumzike na majani yake yarefuke. Mwezi wa Septemba watu wa wilaya nzima walipanda milimani pamoja, wakawashusha wanyama, wakawaingiza katika boma kubwa la mawe lenye vyumba vingi, na kila mtu akawatenga wake kwa alama zao. Desturi hii ingaliko hata leo. Majani yaliyosimama bila kuliwa huko chini yalikuwa ndiyo chakula cha farasi wa nje katika miezi mitupu. Aliyewaachia wanyama wake wayamalize malisho ya chini mwezi wa Agosti alikuwa amekula mbegu zake.

Baada ya kutenga wanyama ilifuata siku ngumu kuliko zote katika mwaka wa mfugaji. Alisimama mbele ya marundo yake ya nyasi, akayapima kwa macho na kwa mikono, akahesabu vinywa. Ng'ombe wangapi? Kondoo wangapi? Farasi wangapi? Na kama majira ya joto yajayo yatachelewa kwa mwezi mzima, itakuwaje? Wale waliozidi hesabu walichinjwa papo hapo, wangali wanono. Hesabu hiyo haikukubali huruma ya uongo. Mtu aliyeshindwa kumchinja farasi mmoja mzee mwezi wa Oktoba aliweza kuwaona watano wazima wakianguka mwezi wa Machi. Wahenga wetu walisema, mchelea mwana kulia hulia mwenyewe.

Sasa tuje kwenye ugomvi niliotaja. Habari zake zimo katika hadithi moja ya kale iliyoandikwa katika karne ya 13, iitwayo kwa jina la mtu mmoja, Hænsa-Þórir, yaani Þórir wa Kuku. (Herufi Þ husomwa kama th katika neno thelathini, na herufi ð husomwa kama dh katika neno dhahabu.) Þórir alikuwa mtu maskini aliyepata mali kwa kuchuuza vitu wilaya hata wilaya, na miongoni mwa bidhaa zake walikuwa kuku. Alinunua shamba, akatajirika, lakini hakupendwa. Katika wilaya hiyo hiyo ya Borgarfjörður aliishi mtu mwema, Blund-Ketill, mwenye ardhi kubwa na wapangaji wengi.

Mwaka mmoja mvua iliharibu nyasi. Blund-Ketill aliwaendea wapangaji wake kabla ya baridi, akawaambia kwamba mwaka ule kodi yao italipwa kwa nyasi kavu, akawaamuru pia kila nyumba ichinje wanyama wangapi. Shauri lake lilikuwa jema, lakini wengine hawakulifuata, wakabakiza wanyama zaidi ya kiasi alichowaambia. Baridi ilipokaza, walikuja kwake mmoja mmoja kuomba nyasi. Hadithi yasema kwamba Blund-Ketill alikuwa na farasi 160. Aliamuru farasi 40 waliokuwa dhaifu kuliko wenzao wauawe, na chakula kilichowekwa kwa ajili yao akawapa wapangaji. Lakini baridi haikulegea, na watu wengine wakaja. Safari hii hakuwa na kitu cha kuwapa.

Ndipo walipomwambia kwamba Þórir ana nyasi nyingi. Blund-Ketill alikwenda naye akamwomba amwuzie. Þórir alikataa. Aliongezewa bei, akakataa. Blund-Ketill alizikagua nyasi zile, akaona kwamba hata kama wanyama wote wa Þórir wangelishwa ndani mpaka majira ya joto yaanze, bado yangebaki marundo kadhaa. Basi alizichukua zile zilizozidi, akaacha malipo yake, akaenda zake. Þórir hakuyakubali malipo. Alizunguka kwa wakuu wa wilaya akilia kwamba ameibiwa, mpaka akapata wa kumsaidia. Siku walipokwenda kumshtaki Blund-Ketill nyumbani kwake, maneno yalikuwa makali mno, na mgeni mmoja wa Kinorwe aliyekaa humo akakasirika, akapiga mshale kuwaelekea. Mshale ule ulimwua kijana, mtoto wa mmoja wa wakuu hao. Usiku ule waliizingira nyumba ya Blund-Ketill, wakaichoma moto, na wote waliokuwamo wakafa.

Je, nani alikuwa na haki? Swali hili si jepesi kama lionekanavyo. Nyasi zilikuwa mali ya Þórir. Alizikata au alizinunua, akazihifadhi wakati wengine walipozembea. Na wale waliokuwa na njaa walikuwa wameonywa mapema. Kama kila mzembe aweza kuchukua akiba ya jirani yake, nani atajisumbua kuweka akiba? Lakini kwa upande mwingine wanyama walikuwa wakifa, na mwanadamu akawafuata baada yao, huku nyasi za ziada zikioza karibu. Blund-Ketill mwenyewe alikuwa amekwisha kutoa chakula cha farasi wake 40 kabla hajagusa mali ya mwingine, na alilipa. Hadithi yenyewe inampenda Blund-Ketill na kumchukia Þórir; lakini msomaji makini ataona kwamba mwandishi hakuficha kosa la wapangaji.

Hapa yafaa mwanafunzi wa historia asimame kidogo aulize: je, mambo haya yalitokea kweli? Kwa bahati tuna shahidi mwingine. Padri mmoja aitwaye Ari Þorgilsson, ambaye watu wa Aislandi humwita Ari Mwenye Elimu, aliandika kitabu kifupi cha historia ya nchi yake kati ya mwaka 1122 na 1133, yaani zaidi ya miaka mia moja kabla ya hadithi ile. Ari anataja uchomaji huo wa nyumba, anamtaja Hænsa-Þórir, na anayataja mapigano yaliyofuata. Lakini kwake yeye mtu aliyechomwa ni Þorkell, mwana wa Blund-Ketill, wala si Blund-Ketill mwenyewe. Na juu ya nyasi kavu hasemi hata neno moja.

Tukiwa waadilifu, yatupasa kukiri kwamba uchomaji ni habari ya hakika zaidi, na ugomvi wa nyasi ni habari ya hadithi. Lakini tusiitupe hadithi kwa sababu hiyo. Mwandishi wake aliwaandikia watu waliokuwa wafugaji. Alipotaka kueleza chanzo cha uadui mkubwa kiasi cha kuwachoma watu usiku, hakutafuta dhahabu wala mwanamke, bali alitaja marundo ya nyasi mwisho wa baridi ndefu, na wasikilizaji wake waliona kwamba sababu hiyo inatosha. Huo pekee ni ushahidi mkubwa wa maisha yao.

Kilichofuata Ari anakieleza vizuri. Sheria ya wakati ule ilisema kwamba kesi ya mauaji isikilizwe katika baraza lililo karibu na mahali pa mauaji. Kiongozi wa mashtaka, Þórðr gellir, alitoka wilaya nyingine, kwa hiyo alilazimika kwenda kudai haki katikati ya nguvu za wapinzani wake. Watu walipigana, na baraza halikuweza kuketi. Kesi ilipelekwa mbele ya Althing, baraza kuu la nchi lililoanzishwa mwaka 930 mahali paitwapo Þingvellir, na huko pia walipigana. Þórir wa Kuku alihukumiwa, akauawa baadaye. Kisha Þórðr alisimama kwenye Jabali la Sheria, akawaeleza watu jinsi ilivyo vibaya mtu kulazimika kutafuta haki ya ndugu zake katika baraza la ugenini. Watu wakakubali. Karibu na mwaka 965 nchi iligawanywa katika robo nne, na kila robo ikapata mahakama zake. Mpango huo ulidumu kwa karne tatu hivi, mpaka nchi ilipokuwa chini ya mfalme wa Norwe katika miaka ya 1262 hadi 1264.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba sheria nzuri na hesabu nzuri ziliweza kuzuia kila msiba. Tarehe 8 Juni mwaka 1783 ardhi ilipasuka mahali paitwapo Laki, upande wa kusini wa nchi, na mawe yaliyoyeyuka yakatoka katika mstari mrefu wa mashimo. Moto huo haukuzimika kabisa mpaka Februari mwaka 1784. Pamoja na mawe ulitoka moshi wenye salfa na sumu ya florini, ukatua juu ya majani ya nchi nzima. Malisho yaliyowekwa kwa ajili ya baridi yakawa sumu. Mchungaji Jón Steingrímsson, aliyeishi karibu na mahali pale, aliandika habari zake mwaka 1788. Alieleza jinsi farasi walivyokonda wakabaki mifupa, ngozi ikaoza mgongoni, singa za shingo na mkia zikang'oka zikivutwa, na mavimbe magumu yakaota kwenye viungo.

Katika msiba ule walikufa karibu robo tatu ya farasi wa nchi, kondoo karibu wanne katika kila watano, na nusu ya ng'ombe. Baada ya wanyama wakaja watu. Karibu mtu mmoja katika kila watano alikufa, wengi kwa njaa na maradhi yafuatanayo na njaa. Farasi walipokufa, hata samaki waliokuwako pwani hawakuwa na wa kuwabeba kuwapeleka bara. Hapo ndipo tunapoona wazi kwamba farasi malishoni, nyasi ghalani na mtu nyumbani vilifungwa kwa kamba moja.

Mwishoni mwa karne ya 19 ziliwekwa sheria za kuwaadhibu wafugaji walioacha wanyama wao wafe kwa njaa wakati wa baridi. Kwa maneno mengine, ile hesabu ya Oktoba, ambayo Blund-Ketill aliwasihi wapangaji wake waifanye, sasa iliamriwa na serikali. Katika karne ya 20 zilikuja trekta, mashine za kukatia majani, na marobota ya nyasi yaliyofungwa kwa plastiki yasiyoogopa mvua. Farasi wengi wa Aislandi wangali wakikaa nje wakati wa baridi, lakini mwenye nao hutakiwa kuwapa kinga ya upepo, maji na chakula cha kuwatosha, na kuwakagua miili yao. Macho hudanganywa na manyoya mazito, kwa hiyo mfugaji hupitisha vidole juu ya mbavu ili ajue kama mafuta yangaliko.

Msomaji aliyelelewa katika nchi ya kiangazi hatapata shida kuielewa historia hii, ingawa hajapata kuona theluji. Anajua maana ya kuhesabu vinywa na kuyatazama malisho kabla ya miezi mitupu kuanza, na anajua kwamba mwenye mifugo mingi si lazima awe ndiye atakayekuwa na mifugo mvua zikirudi. Bali yampasa akumbuke swali walilolikuta wale waliosimama mbele ya marundo ya Þórir: nani ana haki ya akiba katika mwaka wa njaa? Wafugaji wa Borgarfjörður walilijibu kwa moto. Waliobaki hai wakatambua kwamba yafaa lijibiwe barazani, mbele ya watu wasio wa upande wowote, kabla baridi haijakaza na kabla mtu hajashika upinde.